Hongera Mwenyekiti, Lakini Nani Anacheki Hesabu? Stori ya Bodi za Mashirika ya Waafrika Majuu

Hizi posta umeziona. Suti kali, bendera mbili nyuma, tabasamu ya kitambulisho cha kazi, na chini maandishi makubwa: shirika fulani la kusaidia wahamiaji Waafrika huko Minneapolis, Seattle ama Lowell limepata mwenyekiti mpya wa bodi. Komenti zinajaa chap chap. "Hongera sana." "Mungu akuinue." "Kazi iendelee." Kuna auntie mmoja lazima aweke zile emoji za mikono ya maombi mstari mzima. Siku mbili baadaye hakuna mtu anakumbuka jina la huyo mwenyekiti, wala la shirika.

Watu wetu wamezoea kuona kiti cha bodi kama kiti cha mgeni wa heshima kwa harusi, kile kimefunikwa kitambaa cheupe na kiko na chupa ya maji yake pekee. Unakaa, unapigiwa makofi, unaenda nyumbani. Manze, kwa Marekani ya saa hii, hicho ndicho kiti moto kuliko vyote ndani ya shirika. Akikikalia mtu amelala, wanaolipia ni watu ambao hawakuwahi kualikwa hata mkutano mmoja.

Tuanze na kazi yenyewe, juu wengi hupitia hapo mbio. Shirika lisilo la faida huko Marekani huwa na mkurugenzi anayelipwa mshahara na kukaa ofisini kila siku. Juu yake kuna bodi, na mara nyingi hao hawalipwi hata ndururu. Fikiria mathree. Mkurugenzi ni dere, na bodi ndiyo iko na logbook. Dere akianza kupitia petrol station ya beshte yake kila asubuhi ili waongeze bei wagawane, mwenye logbook ndiye anafaa kuuliza. Tofauti ni kwamba hii mathree haina mwenyewe. Bodi inashikia abiria ile logbook. Ndiyo inaandika dere kazi, ndiyo inapanga mshahara wake, ndiyo inapitisha bajeti, na ndiyo inaweza kumfuta. Mwenyekiti ndiye anaamua nini kitaongelewa kwa mkutano na nini kitawekwa chini ya zulia.

Sasa twende Minnesota, juu hapo ndipo tuliona live vile mambo huharibika bodi ikiwa ya makaratasi tu.

Kulikuwa na shirika linaitwa Feeding Our Future, lilianzishwa 2016. Kazi yake ilikuwa kusimamia vituo vya kulisha watoto wa familia maskini, kwa pesa za serikali kuu ya Marekani zinazopitia idara ya elimu ya jimbo. Mkurugenzi na mwanzilishi alikuwa Aimee Bock, mzungu Mmarekani. Hiyo shika vizuri, tutairudia. Vituo vingi chini ya shirika viliendeshwa na watu wa jamii ya Wasomali: wenye mahoteli, wenye vikundi vidogo vya mtaa, wenye kampuni zilizosajiliwa juzi.

Corona ikakuja. Masharti yakalegezwa ili watoto wasilale njaa shule zikiwa zimefungwa. Mwaka wa 2019 shirika lilikuwa limepitisha kama dola milioni 3.4. Mwaka wa 2021 zikafika karibu milioni 200. Rudia hizo namba polepole. Kama chama yenu ya mtaa ingeruka hivyo kwa miaka miwili, hata yule member hulala kwa mkutano angeamka.

Waendesha mashtaka walisema vituo vilikuwa vinadai kulisha maelfu ya watoto kila siku, wengine wakidai idadi ambayo hata mitaa yenyewe haina. Orodha za majina ya watoto zilikuwa za kutungwa. Kuna majina yalitolewa kwa tovuti inayojitangaza wazi kuwa inatengeneza majina ya kubahatisha, na umri wa watoto ukawekwa na fomula ya Excel inayochagua namba yoyote kati ya 7 na 17. Mtu alikaa chini, akaandika fomula, akaburuta chini, na ghafla ako na watoto elfu moja wenye njaa. Shirika lenyewe likakata ada ya usimamizi, zaidi ya dola milioni 18.

Na bodi ilikuwa wapi? Hapa ndipo stori inakuwa noma. Kwa makaratasi, bodi ilikuwa. Kesi ilipofika kortini ikatokea kwamba msee aliyeandikwa kama mkuu wa hiyo bodi alikuwa mhudumu wa baa, na hakuwa anaendesha chochote. Sina shida na mhudumu wa baa, kuna wengine wanajua hesabu kuliko maprofesa. Shida ni kwamba jina lake lilikuwa linafanya kazi bila yeye. Jina lilikuwa ukutani kama kalenda ya mwaka jana, na chini yake mamilioni yanapita.

FBI ikavamia Januari 2022. Septemba mwaka huo mashtaka ya kwanza yakatangazwa, watu 47, kiasi kinachotajwa dola milioni 250. Baadaye walioshtakiwa wakapita 70, na zaidi ya 50 wakakubali makosa ama wakapatikana na hatia. Bock alipatikana na hatia Machi 2025. Mmoja wa wale wakubwa kwenye mtandao wa vituo alipigwa miaka 28. Kwenye kesi ya kwanza, 2024, mtu alipeleka mfuko wenye dola 120,000 kesh hadi nyumbani kwa mjumbe wa jopo la kuamua kesi ili aseme hawana hatia. Huyo mjumbe akaita polisi. Netflix wangeandika hiyo tungesema wamezidisha.

Na ganji ilienda wapi? Magari, nyumba za Minnesota, safari, mali Uturuki na, usicheke, mali huku pwani ya Kenya. Kwa hivyo hii si stori ya mbali. Chakula cha mtoto wa Minneapolis kiligeuka mali huku kwetu.

Lakini kabla hatujawaka, idara ya elimu ya Minnesota pia ililala. Mkaguzi wa bunge la jimbo alitoa ripoti Juni 2024 akasema usimamizi wa idara ulifungua mlango wa wizi. Malalamiko yalikuwa yanafika, na kuna wakati idara iliambia Feeding Our Future ichunguze malalamiko yanayohusu Feeding Our Future yenyewe. Ni kama kuambia kange ajichunguze kama amekula nauli. Na idara ilipoanza kubana, shirika likaipeleka kortini mwishoni mwa 2020 likidai inabagua watu weusi na wahamiaji. Hilo ndilo linaniudhi kuliko yale magari. Ubaguzi upo, kila Mwafrika ambaye ameishi huko atakwambia. Ukiutumia kama ngao ya kuficha fomula ya Excel, unamwachia nini mama ambaye kesho atabaguliwa kweli na anataka kuaminika?

Bodi iliyo macho ingefanya nini? Hakuna uchawi. Ingeuliza maswali ya kawaida ya chama. Tulikuwa na milioni 3, leo tuko na 200, nani amehesabu sahani? Nani ameenda kwa kituo bila kupiga simu kwanza? Kwa nini kituo kimoja kinasema kinalisha watoto wengi kuliko shule yote ya mtaa? Hayo maswali hayahitaji digrii, na nasema hivyo nikiwa msee ambaye aliacha chuo kabla ya kumaliza. Yanahitaji mtu mwenye uwezo wa kusema "hapana, hatulipi hii" na mkurugenzi asiwe na njia ya kumpita.

Sasa angalia nani alilipia.

Wengi wa walioshtakiwa walikuwa na asili ya Kisomali, na hiyo ikawa mafuta. Novemba 2025 Trump akasema anaondolea Wasomali wa Minnesota ulinzi wa muda unaoitwa TPS, ile ruhusa ya kuishi na kufanya kazi kwa watu ambao nchi zao haziko salama. Desemba akawaita takataka mbele ya kamera. Maajenti wa uhamiaji wakamwagwa Minneapolis na St. Paul. Mwisho wa Desemba serikali kuu ikasimamisha pesa za malezi ya watoto kwa jimbo zima baada ya video ya YouTube kuhusu daycare za Wasomali kutrend. Cheki hesabu hapo. Wasomali wenye TPS Marekani nzima walikuwa kama 700. Jamii ya Wasomali Minnesota ni karibu watu 80,000, na wengi wao ni raia wa Marekani kabisa, wengine wamezaliwa hapo hapo. Mkurugenzi wa lile shirika, nimeshakwambia, ni mzungu. Hakuna aliyesimama kwa kamera akaita wazungu wa Minnesota takataka.

Hiyo ndiyo bei. Shirika la mzungu likianguka, shirika limeanguka. Shirika la Waafrika likianguka, ama hata lile linalotumia Waafrika kama sura, jamii yote inaburutwa. Si haki, na sitajifanya ni haki. Lakini mtu anayekubali kuwa mwenyekiti wa bodi leo anakubali akijua hiyo ndiyo barabara yenyewe. Hana nafasi ya kosa ambayo mwenzake wa jina la Smith anayo.

Halafu kuna hii nyingine: pesa zenyewe zimekauka. Januari 2025 serikali mpya ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na ndani ya siku chache mashirika yakapokea barua ya kusimamisha kazi. Kama hujui uzito wake, uliza mtu wa Kakuma ama Dadaab. Kuna familia zilikuwa zimepita mahojiano na vipimo vya hospitali, zingine tiketi imekatwa, na zikarudishwa kwa foleni ya kungoja kitu ambacho hakipo. Mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilikuwa imepokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na karibu 20,000 kati yao walitoka Kongo, hii DRC ya jirani. Kikomo cha mwaka wa fedha wa 2026 kikawekwa 7,500, na nafasi nyingi zikaelekezwa kwa Waafrikana wazungu wa Afrika Kusini. Mashirika yaliyokuwa yanalipwa kwa kila mkimbizi anayetua uwanja wa ndege yakabaki na ofisi, laptopu na wafanyakazi wasio na mshahara. Hata maaskofu Wakatoliki wa Marekani, ambao wamefanya hiyo kazi kwa miongo, walitangaza Aprili 2025 kwamba wanamaliza mikataba yao na serikali.

Kwa hivyo mwenyekiti mpya akiingia leo, hakuti keki. Anakuta kwamba pesa iliyo benki inatosha miezi miwili na mkurugenzi anataka kujua nani atafutwa. Akifuta mkalimani wa Kiswahili, wale mamama wa Kongo waliofika mwaka juzi watapelekwa hospitali na watoto wao wa darasa la tano wakitafsiri magonjwa ambayo mtoto hafai hata kuskia. Akifuta mhasibu, anarudi kwa barabara ya Feeding Our Future bila kujua. Nikiulizwa mimi, mhasibu abaki, hata kama inauma na hata kama yule mkalimani ndiye anapendwa na watu. Najua hapo wengine mtanikanyaga.

Kuna maamuzi mengine ambayo zamani hayakuwa ya bodi na sasa ni ya bodi. Maajenti wa uhamiaji wakibisha mlango wa ofisi, nani anaongea nao? Kuna tofauti kubwa kati ya hati iliyosainiwa na jaji na ile karatasi ya ndani ya idara ya uhamiaji inayosainiwa na afisa wao wenyewe. Hiyo ya pili haiwapi ruhusa ya kuingia sehemu ya ofisi ambayo si ya umma. Sekretari wa miaka 22 hafai kuamua hilo peke yake saa nne asubuhi akiwa anatetemeka. Inafaa iwe imeandikwa, imepitishwa na bodi, na imefanyiwa mazoezi. Na zile faili za watu waliokuja kuomba msaada, zile ziko na adresi na nchi ya kuzaliwa, zinakaa wapi, nani anazifungua, na zinafutwa lini? Bodi ambayo haijawahi kuongea hayo mambo inafanya kazi na ramani ya 2015.

Halafu kuna uamuzi mkubwa kabisa, wa kunyamaza ama kwenda kortini. African Communities Together ni shirika la New York lililoanzishwa na Amaha Kassa, mtu wa asili ya Ethiopia. Mwaka wa 2019 lilimshtaki Trump kuhusu Waliberia waliokuwa karibu kuondolewa ulinzi wao. Agosti 2025 likarudi kortini kupinga kukamatwa kwa watu ndani ya majengo ya korti za uhamiaji, na mwisho wa mwaka huo likapinga kufutwa kwa TPS ya watu wa South Sudan. Ukiweka jina la shirika juu ya kesi dhidi ya serikali ya Marekani, unajua kwamba kesho wakaguzi wanaweza kubisha, wafadhili waoga wanaweza kuhepa, na kila risiti yako itasomwa na mtu asiyekupenda. Hapo ndipo uhusiano wa hesabu safi na mdomo mkubwa unaonekana. Huwezi kuinua sauti kama droo yako ya risiti inanuka.

Sasa tuongee kuhusu nani anakaa kwa hizo bodi, juu hapa kuna unafiki mtamu sana.

Bodi nyingi za Marekani ziko na sheria ya kimya kimya: ukiingia, ulete pesa. Utoe mfukoni ama uchangishe kwa marafiki, lakini ulete, na kuna mahali ni maelfu ya dola kwa mwaka. Matokeo yake ni rahisi kukisia. Bodi ya shirika linalosaidia wakimbizi inajaa mawakili, madaktari, watu wa benki, na yule mzungu mmoja mzuri aliyewahi kufanya Peace Corps Tanzania na bado anasalimia watu "mambo". Wazuri wote, wengine wanajitolea kweli. Lakini yule mama anayeosha wazee kwa nursing home usiku, aliyetoka Kakuma na watoto watano, ambaye ndiye shirika linamwandikia mapendekezo ya pesa na kumweka picha kwa jalada la ripoti, hayuko mezani. Mkutano ni Jumanne saa nne asubuhi kwa Zoom, na yeye ndiyo anatoka shifti. Karatasi ni za Kizungu cha mawakili, kurasa sitini. Halafu wanasema walimwalika na hakuja.

Sisemi watoe mawakili wote. Bodi ikiwa ya watu wa jamii peke yake bila mtu anayejua kusoma ukaguzi wa hesabu, mkurugenzi mjanja atawazungusha mpaka waimbe. Lakini ikiwa ya wenye suti peke yake, hakuna atakayejua kwamba kile kituo kinachodai kulisha watoto 3,000 kiko juu ya duka la simu, na ngazi yake haibebi hata watu kumi. Mama wa shifti ya usiku anajua, juu anapita hapo kila siku. Huyo ndiye ukaguzi wa bure ambao kila bodi inautupa.

Na kuna ule ugonjwa mwingine wa mwanzilishi. Mtu alianza shirika kwa sebule yake, na simu yake mwenyewe, akiendesha watu hospitali na Corolla yake. Miaka kumi na tano baadaye shirika liko na bajeti ya milioni, na yeye bado anaona ni sebule yake. Bodi ni shemeji, pasta wake, na beshte wa shule ya upili. Mwenyekiti mpya akiuliza risiti, anaambiwa "wewe ulikuwa wapi tulipoanza?" Wakenya tunaijua hiyo lugha. Tumeiskia kwa kanisa, kwa Sacco, kwa chama cha siasa. Heshima kwa mzee aliyeanza ni jambo zuri, na unaweza kumheshimu ukiwa umeshika taarifa ya benki mkononi.

Hapa nageukia mbogi yetu iliyo majuu. Wakenya wako Minnesota, Massachusetts, Texas, Georgia, Washington, na kila mji uko na chama cha ustawi cha kusaidiana. Mtu akifariki, kabla jua lizame kuna WhatsApp ya kuchanga ili mwili urudi nyumbani. Hiyo kazi ni ya maana na mara nyingi inafanywa na watu waaminifu sana. Mwaka wa 2024 pesa zilizotumwa nyumbani na diaspora zilikuwa karibu dola bilioni 4.9 kwa rekodi ya Benki Kuu ya Kenya, na zaidi ya nusu zilitoka Marekani. Jamii inayosukuma doo kama hiyo inaweza kusimamia shirika vizuri. Lakini hivyo vikundi vikikua na kuanza kuomba pesa za jimbo ama za serikali kuu, mambo yanabadilika. WhatsApp haitoshi tena. Maneno "sisi tunaaminiana" hayatakusaidia mbele ya mwendesha mashtaka. Sheria ya Minnesota, kwa mfano, inataka bodi iwe na angalau watu watatu, na hao watatu wako na jukumu kisheria, si mapambo.

Uzuri ni kwamba huko kwao kuchungulia ni rahisi kuliko huku. Mashirika mengi yasiyolipa kodi lazima yajaze Fomu 990 kila mwaka na iwe wazi kwa mtu yeyote. Yale madogo sana, ya mapato yasiyozidi dola 50,000, hujaza ile fupi kama postikadi, na shirika likiruka miaka mitatu mfululizo bila kujaza linapoteza ile hali ya kutolipa kodi, hakuna kuongea. Hizo fomu ziko bure kwa tovuti ya ProPublica, unaandika jina la shirika unapata. Hata ukiwa Umoja na bundle ya shilingi hamsini unaweza kusoma mambo ya shirika la Ohio.

Ukiifungua, usianze na zile aya za mwanzo za kujisifu. Nenda Sehemu ya 6. Hapo wanaulizwa ni wangapi kwa bodi hawana maslahi ya pesa na shirika. Wanaulizwa kama kuna wanabodi ambao ni ndugu ama wako na biashara pamoja. Wanaulizwa kama wanaandika kumbukumbu za mikutano, kama kuna sera ya mgongano wa maslahi, kama kuna sera ya kulinda mfanyakazi anayefichua uozo. Kuna swali moja mimi hulipenda sana: je, kabla ya kutuma hii fomu, mliwapa wanabodi wote nakala? Ukikuta jibu ni hapana, umeshajua mwenyekiti ni wa aina gani. Ile Sehemu ya 7 inakupa majina ya bodi, masaa wanayofanya kwa wiki, na mshahara wa mkurugenzi. Linganisha miaka mitatu. Mapato yakiruka mara kumi na majina ya bodi ni yale yale matatu, na wawili wako na jina moja la ukoo na mkurugenzi, piga simu uulize.

Hapa Kenya tuko nyuma kidogo lakini tunasonga. Sheria ya mashirika ya manufaa kwa umma ilipitishwa 2013 ikakaa kwa droo zaidi ya miaka kumi, ikaanza kufanya kazi Mei 2024. Na kizazi hiki si cha kutishwa na makaratasi. Finance Bill ya 2024 ilisomwa na wasee kwa simu, ikatafsiriwa kwa Sheng na lugha za nyumbani kwa TikTok, mpaka wabunge wakaulizwa vifungu ambavyo wao wenyewe hawakuwa wamefungua. Ukilinganisha na ule mswada, Sehemu ya 6 ya Fomu 990 ni stori fupi.

Kwa hivyo binamu yako akiteuliwa mwenyekiti huko Seattle, mpe hongera zake, anastahili, hiyo kazi haina mshahara. Halafu mtext maswali mawili. Mwulize mara ya mwisho mkaguzi wa nje alikaa na bodi bila mkurugenzi kuwa kwa chumba ilikuwa lini. Mwulize pia ni wangapi mezani wamewahi kuhudumiwa na hilo shirika. Akijibu bila kukasirika, mko sawa. Akianza na "hayo ni mambo ya ndani," ngoja fomu. Shirika ambalo mwaka wake wa hesabu unaisha Desemba linafaa kutuma 990 kufikia 15 Mei, ama 15 Novemba likiomba kuongezewa muda. Jina lake litakuwa hapo Sehemu ya 7, na masaa anayofanya kwa wiki kando yake.